Muziki wa Bei Nafuu kwenye Pikipiki ya Safari

Mfumo wa muziki wa pikipiki ya safari ndefu una sehemu nne: chanzo cha muziki (siku hizi ni simu), amplifaya, jozi ya spika, na nyaya pamoja na fyuzi zake. Tatu za mwanzo huuzwa kwa mbwembwe. Ya nne hakuna anayeitangaza, nayo ndiyo inayoamua kama dereva atafika Mbeya muziki ukilia au atasukuma pikipiki iliyokata chaji.

Kariakoo jijini Dar es Salaam, sawa na Luthuli Avenue jijini Nairobi, hakukosekani amplifaya ndogo iliyoandikwa wati 500. Hesabu inakataa. Betri ni ya volti 12, na injini ikiunguruma chaji hupanda hadi volti 14.4 hivi. Bila saketi ya kupandisha volti, amplifaya haiwezi kuipa spika ya omu 4 zaidi ya wati 25 hivi kabla sauti haijaanza kukwaruza. Fyuzi ya kifaa husema ukweli kuliko boksi lake: ya ampia 5 hupitisha wati 70 tu, na sehemu yake hugeuka joto. Kwa sababu hiyo amplifaya ya daraja D, inayopoteza umeme kidogo, inafaa kuliko ya daraja AB, ambayo hupoteza karibu nusu.

Kuongeza wati nako kuna faida ndogo kuliko inavyodhaniwa. Nguvu ikizidishwa mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu. Spika yenye wepesi wa kutoa sauti wa desibeli 90, ikiwekwa badala ya ile ya 87, huleta ongezeko hilohilo bila kugusa betri. Zinazofaa ni za inchi 4 zilizotengenezwa kwa ajili ya boti, zenye koni ya plastiki na ukingo wa mpira, maana koni ya karatasi ikinyeshewa huvimba na kuchanika. Besi nzito isitarajiwe. Hewani hakuna kuta za kuishika.

Adui mkubwa ni upepo. Kuanzia kilomita 65 hivi kwa saa kelele yake huishinda ya injini, na kwenye 100 hukaribia desibeli 95 ndani ya helmeti. Spika zielekezwe usoni, nyuma ya kioo cha mbele. Anayekimbia zaidi ya hapo kwa saa nyingi angenunua tu spika ndogo za kuweka ndani ya helmeti; ni nafuu na kazi ya kufunga inakwisha.

Waya mwekundu hutoka moja kwa moja kwenye chanya ya betri, na fyuzi huwekwa karibu na betri, kiasi cha sentimita 15. Ikiwa mbali, waya ukisuguliwa na fremu kabla ya kuifikia hupiga shoti na kuwaka bila kizuizi chochote, chini ya tenki la petroli. Kisha hufuata rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme: pini 30 hupokea umeme wa betri, 87 huupeleka kwenye amplifaya, 85 na 86 huamshwa na waya wa taa ya nyuma. Ufunguo ukizimwa, muziki hukatika wenyewe. Bila rilei, betri ya ampia-saa 7 inayonyonywa ampia 3 huisha ndani ya saa mbili na ushee, na starta hugoma mapema zaidi. Waya mweusi nao urudi kwenye hasi ya betri, si kwenye bolti yoyote yenye kutu. Viungio vya kubana hustahimili mtikisiko kuliko risasi ya kuchomelea, na nyaya za mbele ziachwe na ulegevu wa kutosha usukani kugeuka pande zote.

Mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini hutokea mara nyingi simu inapochajiwa kwa betri ya pikipiki huku imeunganishwa kwa waya kwenye amplifaya; blutuuthi huumaliza. Simu yenyewe ni heri ikae mfukoni: mwaka 2021 Apple ilitahadharisha kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone.

Mwisho hupimwa volti kwenye betri, injini ikiunguruma taratibu bila mwendo, taa na muziki vikiwaka. Zikibaki chini ya 12.8, betri inaliwa kuliko inavyolishwa. Kubadilisha balbu ya halojeni ya wati 55 kwa ya LED huokoa wati 30 au zaidi, na mara nyingi hizo hutosha.