Bukari peke yake haijengi misuli

Mutu anayechimba na kubeba mifuko ya mawe kutwa nzima, Kolwezi ao Likasi, anatumia nguvu nyingi kuliko yule wa biro. Bukari inamupa nguvu ya kazi, lakini misuli inajengwa na protini. Mutu wa kilo 60 mwenye kazi ya nguvu anahitaji gramu 70 mpaka 90 kwa siku. Gramu 100 za maharagi makavu zinatoa karibu 21, karanga 25. Ndagala kavu inapita zote. Kwa hiyo, mama, tia unga wa karanga ndani ya sombe, ongeza na maharagi. Naye baba asishuke shimoni bila kula: mwili ukikosa chakula, unakula misuli yake wenyewe.