Injini Mpya Katika Land Rover ya Kale

Pikapu za Land Rover zilizoundwa kati ya mwaka 1958 na 1985, yaani zile za Series II, IIA na III, zingali zafanya kazi katika mashamba ya nyanda za juu za Kenya. Bodi yake ni ya alumini, kwa hiyo kutu haiwezi kuila kama ilavyo chuma, na mara nyingi kilichochoka ni injini. Mwenye gari akifunga trela la viazi au la tangi la maji, huliona lapanda mlima kwa gia ya pili, tena kwa shida, na ndipo aanzapo kuuliza habari za injini nyingine.

Swali hilo ni la haki. Injini ya petroli ya lita 2.25 ilitoa nguvu za farasi kiasi cha 70 ilipokuwa mpya, katika nchi iliyo karibu na usawa wa bahari. Limuru iko juu zaidi ya mita 2,000. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja katika tano ya nguvu zake. Basi farasi 70 wamekwisha kuwa 56 kabla trela halijafungwa.

Injini ambayo mafundi wengi, hasa wa Uingereza, wameipenda kwa kazi hii ni ile ya dizeli iitwayo 200Tdi, ya lita 2.5, iliyotokea katika Land Rover Discovery mwaka 1989. Ina farasi 111. Nguvu yake ya kuzungusha, ambayo ndiyo hasa ivutayo mzigo, ni Newton-mita zipatazo 265 kwa mizunguko 1,800 tu kwa dakika; ile ya petroli haifiki 170. Turbo huishindilia hewa, hivyo urefu wa mlima hauidhoofishi sana. Tena yafungika kwenye giaboksi ya kale kwa kazi ndogo. Ila turbo ya injini ya Discovery imekaa chini, karibu na chasisi, na fundi hana budi kubadilisha manifoldi au kuunga upya bomba la moshi. Rejeta nayo yataka kuwa kubwa zaidi.

Lakini injini haibadilishi kitu kingine chochote cha gari. Giaboksi na shafti za ekseli zilipimwa kwa nguvu za zamani. Dereva akiachia klachi kwa ghafula huku trela limezama matopeni, shafti ya nyuma yaweza kukatika. Magari marefu ya Series III yana nafuu, kwa kuwa mengi yana ekseli ya Salisbury iliyo imara zaidi.

Jambo zito kuliko yote ni breki. Hizo ni za ngoma kwa magurudumu yote manne. Katika gari la petroli lenye servo, kopo hilo husaidiwa na mvuto wa hewa utokao katika manifoldi. Dizeli haina mvuto huo; pampu iliyo ubavuni mwa 200Tdi ndiyo iufanyayo, na isipounganishwa, dereva atakanyaga pedali ngumu kama jiwe. Tangi la lita 1,000 likijaa lina tani nzima ya maji, bila kuhesabu uzito wa trela lenyewe. Yeyote anayejua mteremko wa kutoka Limuru hadi Mai Mahiu, barabara iliyojengwa na mateka wa Kiitalia wakati wa Vita Kuu ya Pili, ataelewa kwa nini trela la namna hiyo lapasa kuwa na breki zake lenyewe, na kwa nini gari lishushwe kwa gia ya chini tangu juu.

Uzito ambao gari limeruhusiwa kuvuta ni ule ule ulioandikwa na waliolitengeneza, hata likitiwa injini ya lori. Injini ngeni ina namba yake, nayo lazima iandikwe katika kitabu cha gari, na kampuni ya bima iarifiwe kabla gari halijaingia barabarani.