Buibui wa miguu mirefu: usimpulizie dawa

Msikilizaji, yule buibui mwembamba mwenye miguu mirefu, anayening'inia miguu juu kwenye kona ya stoo, si adui. Kiwiliwili chake ni milimita 8 hivi. Sumu yake ni ya kuulia wadudu, binadamu haimdhuru. Ukimgusa hakimbilii kuuma, bali hujitikisa kwa kasi juu ya utando wake hadi usimwone vizuri. Jike hubeba mayai yake mdomoni, kama kifurushi, mpaka watoto watoke. Chakula chake ni mbu, nzi na hata buibui wengine.

Kwa hiyo, usipulize dawa karibu na magunia ya mahindi kwa sababu yake. Utando ukikukera, ufagie tu. Lakini chandarua usikiache: buibui hamalizi mbu wote.