Barrington Levy: Miito Iliyosimamisha Nyimbo

Anayetaka kumwiga mwimbaji wa rege Barrington Levy haanzi na maneno ya wimbo. Huanza na ile miito yake isiyo na maana katika lugha yoyote: irabu ndefu zinazopanda, zinavunjika kileleni, kisha zinateremka hatua kwa hatua. Wasikilizaji wengi huihesabu kuwa pambo tu, kama kachumbari pembeni ya sahani. Hukumu hiyo, kwa maoni yangu, imegeuza mambo kichwa chini. Katika albamu zake za 1979 na 1980 miito ndiyo nguzo, na nyimbo kadhaa ukiziondolea miito hiyo zinaanguka.

Levy alizaliwa mwaka 1964, Clarendon, Jamaika. Mwaka 1977 alitoa wimbo “My Black Girl” akiwa na kundi la Mighty Multitude, lakini haukuvuma. Mambo yalibadilika alipokutana na mtayarishaji Henry “Junjo” Lawes, aliyempeleka studio ya Channel One jijini Kingston kuimba juu ya midundo ya bendi ya Roots Radics. Kazi ya kuchanganya sauti ilifanyika katika studio ya King Tubby, chini ya mikono ya kijana aliyejulikana kama Scientist. Hapo zikafuatana albamu: Bounty Hunter na Shine Eye Gal, kisha Englishman na Robin Hood, wakati mwimbaji mwenyewe ana miaka kumi na mitano au sita hivi. Roots Radics walikuwa wamepunguza mwendo wa rege. Bezi ya Flabba Holt na ngoma za Style Scott zilikaa mbele, gitaa likachomoza na kupotea, na tarumbeta zilizojaa katika rege ya miaka ya sabini zikapungua sana. Tena midundo mingi ilikuwa ya zamani, ya studio nyingine iitwayo Studio One, iliyopigwa upya, hivyo mashabiki walikwisha kuijua. Mdundo wa namna hiyo huacha uwazi mkubwa, na kuujaza kwa maneno matupu kungeuharibu. Levy aliujaza kwa sauti. Pale ambapo zamani tarumbeta zingemjibu mwimbaji, yeye alijijibu mwenyewe.

Kuna sababu nyingine, nayo inatoka kwenye dansi zenyewe. Mwimbaji wa Kingston alishika kipaza sauti mbele ya rundo la spika, santuri ikigeuzwa upande usio na sauti ya mwimbaji, na juu ya mdundo uleule wangepita wenzake kadhaa usiku huo. Aliyetaka kukumbukwa alihitaji alama ya kumtambulisha kabla mstari wa kwanza haujaisha. Sauti ya Levy, nyembamba, ya juu, yenye kuvunjika makusudi, ilipenya kelele zote za bezi. Hata jina la utani alilopewa, Mellow Canary, ni la ndege anayesifika kwa kuimba.

Wapo wanaosema sifa hii ni ya Junjo, Scientist na bendi. Hoja ina uzito, kwa kuwa bila ule uwazi miito isingepata pa kukaa. Lakini Junjo na bendi hiyohiyo ndio waliotengeneza Wa-Do-Dem ya mwimbaji Eek-A-Mouse mwaka 1981, na yeye pia alitumia silabi zisizo na maana. Eek-A-Mouse alizikatakata fupifupi zikawa kama ngoma ya pili. Levy alizivuta zikawa tuni. Malighafi moja, matokeo mawili, basi tofauti ilitoka kwa mwimbaji. Ushahidi wa pili ni “Here I Come”, uliofika nafasi ya 41 katika chati ya Uingereza mwaka 1985. Safari hiyo mtayarishaji alikuwa Jah Screw, si Junjo, na miito bado ndiyo iliyoubeba wimbo. Mwaka 2000 rapa Shyne alimshirikisha katika “Bad Boyz”, juu ya biti ya hip-hop, na sauti ileile ikafanya kazi ileile.

Lawama kwamba mashairi yake ni mepesi siipingi. Mapenzi, bangi, ugumu wa maisha: mada ni chache na hazichimbwi sana. Anayetafuta fikra nzito amsikilize mwimbaji mwenzake wa rege, Burning Spear. Wala sikatai kwamba alirekodi mno kwa haraka, na baadhi ya albamu zilizofuata zinajirudia hadi kuchosha. Lakini kumpima Levy kwa maandishi ni kumpima kwa kitu ambacho hakukitegemea. Msikilizaji mgeni aanze na Englishman, kisha aende Robin Hood. Hizo mbili zinatosha kuonyesha kwamba waimbaji wa dancehall waliomfuata waliukuta mlango ameshaufungua.