Vitabu Vitatu Nilivyosoma Katika Nchi ya Majani Chai

Mimi ni mtoto wa Mombasa, lakini riziki imenileta Kericho. Huku mvua hunyesha alasiri nyingi, na sisi tusiozoea baridi hukaa ndani na kikombe cha chai na kitabu. Jamaa nyumbani huniuliza: vipi mtu mmoja apende historia na pia hadithi za kisayansi? Leo nawajibu.

Cha kwanza ni Legacy of Violence cha Caroline Elkins, kilichotoka 2022. Anaonyesha jinsi Uingereza ilivyotumia sheria kuhalalisha mabavu, toka Kenya hadi Palestina na Malaya. Kilinisaidia kuelewa habari za wazee wa huku. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahsusi ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai. Wakatolewa Kericho, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, wakubwa kwa watoto. Ardhi nzuri ya Wakipsigis, Kericho na Bomet, ikawa ya walowezi na makampuni ya chai.

Na historia si porojo. Utafiti wa awali wa Elkins ulitumika katika kesi ya wazee wa Mau Mau, na mwaka 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa waathiriwa 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9.

Cha pili ni The Old Drift cha Namwali Serpell wa Zambia, kilichotoka 2019 na kushinda tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka uliofuata. Kinaanza enzi za ukoloni kando ya Maporomoko ya Victoria, kinapita kwenye bwawa la Kariba, kinaishia siku za usoni ambapo droni ni ndogo kama mbu. Huku hilo si ndoto. Mashine za kuchuma chai zimekwisha kuingia mashambani, na moja hufanya kazi ya watu wengi. Mei 2023 baadhi yake zilichomwa moto hapa Kericho. Hadithi ya kisayansi hutufanya tuulize mapema: mashine ni ya nani, na aliyepoteza kibarua ataenda wapi?

Cha tatu si kipya, nimekirudia tu: Walenisi, cha 1995, cha mwana wetu wa Pwani, marehemu Katama Mkangi. Dzombo anahukumiwa kifo, anarushwa angani ndani ya chombo, kisha anafika kwenye sayari yenye watu wanaoishi kwa haki. Jina lenyewe ukilitamka polepole linasema: wale ni sisi.

Hapo ndipo nilipopata jibu langu. Sheria ya ardhi ya 1908 ilidai watu wa Pwani waandikishe madai yao, na ardhi isiyoandikishwa ikahesabiwa ya serikali. Hadi leo tunao maskwota kwenye ardhi ya babu zao. Nikikaa na Mkipsigis asiye na shamba, namwona ndugu yangu wa Kilifi.

Historia hunieleza tulivyofika hapa. Hadithi ya kisayansi hunionyesha tunakoelekea tusipoamka. Basi, ndugu msomaji, kama nyanya yako angali hai, kaa naye wiki hii. Mwulize shamba lilianzia wapi na liliishia wapi, uandike majina na miaka. Wazee wa Mau Mau walisikilizwa kwa sababu ushahidi wao uliandikwa.