Bunduki ya Vita Si Bunduki ya Mamba

Mvuvi wa Rumonge au Minago hahitaji kusimuliwa Gustave ni nani. Ni yule mamba wa Mto Rusizi aliyepewa jina na Mfaransa Patrice Faye, mkazi wa Burundi aliyemfuatilia kwa miaka. Alikadiriwa kupita urefu wa mita 6 na uzito wa kilo 900. Alikuwa akitoka mlangoni mwa Rusizi na kushuka kando ya Ziwa Tanganyika hadi huku kusini, na kila alikopita aliacha matanga. Faye na wenzake walimtegea tundu kubwa la chuma, hakuingia. Jitihada hizo zilionyeshwa katika filamu ya televisheni mwaka 2004. Waliomkaribia walimwona na makovu ya risasi mwilini, na jeraha kubwa la zamani kwenye bega la kulia.

Makovu hayo yanastahili kuelezwa, maana ni rahisi kuamini kwamba mnyama wa namna ile haingiwi na risasi. Risasi zilimwingia. Hazikufika panapoua.

Tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1993, silaha iliyozagaa zaidi katika ufukwe huu ilikuwa Kalashnikov. Risasi yake ina uzito wa gramu 8 hivi na hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 715 kwa sekunde, ikibeba nguvu ya jouli 2,000 hivi. Kwa mwanadamu ni nyingi mno. Sasa itazame .375 ya Holland & Holland, kaliba iliyotolewa Uingereza mwaka 1912 na ambayo mpaka leo ndiyo kipimo cha wawindaji wa wanyama wakubwa Afrika Mashariki. Risasi yake ina gramu 19 na zaidi kidogo, kasi ya mita 770, na nguvu inayokaribia jouli 5,800. Ni karibu mara tatu.

Wengi huishia hapo, wakadhani kwamba bunduki kubwa ndiyo dawa. Mimi sikubaliani nao, na shahidi wangu ni Walter Bell, Mskoti aliyewinda pembe za ndovu Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 ambayo nguvu yake haikufika hata nusu ya ile ya .375. Aliwezaje?

Jibu la kwanza liko kwenye umbo la risasi. Risasi ya Bell ilikuwa nyembamba, ndefu na nzito kwa unene wake. Ukigawa uzito wake kwa eneo la uso unaogonga nyama, unapata gramu 27 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Fanya hesabu hiyohiyo kwa .375: 27 vilevile. Ya Kalashnikov inapata 16 tu. Ni fupi, na ikishaingia mwilini inaweza kuyumba, ikageuka ubavu na kusimama njiani. Risasi ya mnyama mkubwa inatakiwa inyooke na iende ndani kabisa, ipite ngozi, misuli na mfupa bila kupasuka wala kupinda. Ndiyo maana kwa tembo na kiboko wawindaji hutumia risasi ngumu, yenye ganda nene lisilofunguka, na zile za ncha laini huwaachia swala na pofu.

Jibu la pili ni shabaha. Bell alichunguza mafuvu ya tembo mpaka akajua ubongo umekaa wapi kutoka kila upande. Kwa mamba somo hilo ni gumu zaidi, kwa sababu ubongo wake ni mdogo hata kwa jitu la mita 6, umejificha nyuma ya macho ndani ya mfupa mzito. Anayepiga kutoka ubavuni hulenga nyuma kidogo ya jicho, chini ya sikio, au pingili za shingo zinazoungana na fuvu. Mgongo una magamba yaliyojengwa kwa mfupa. Risasi ya begani au ya mbavuni inaweza kumuua baadaye, lakini atakuwa amekwisha kurudi majini, na mamba aliyejeruhiwa ni hatari kuliko yule aliyeachwa.

Kiboko naye ana ngozi nene ya sentimita kadhaa na uzito unaopita tani moja. Kwake .375 ndiyo ya chini kabisa ninayoweza kuipendekeza. Zipo kubwa zaidi, .416 ya Rigby ya mwaka 1911 na .458 ya Winchester ya mwaka 1956, ila zinamsukuma mpigaji begani kwa nguvu sana. Askari anayefumba macho kwa kuogopa msukumo huo atakosa. Heri .375 mikononi mwa aliyeizoea.

Linalonitia hofu zaidi ni maji. Mnyama akishazama, bunduki haina maana tena: ndani ya mita moja hivi ya maji risasi yenye kasi kubwa huwa imepoteza karibu nguvu zake zote. Ikipiga uso wa ziwa kwa mshazari, huruka kama jiwe bapa linalorushwa na watoto, ikaenda mbali isikotarajiwa. Na ziwa letu si tupu. Usiku kuna mitumbwi ya wavuvi wa ndagala na taa zao, mchana kuna wanaofua na kuoga. Anayemiminia mamba risasi mfululizo kutoka ufukweni anaweza kumuua jirani kabla ya kumgusa mamba. Mamba apigwe akiwa nchi kavu, anaota jua, kwa umbali mfupi, risasi moja, na nyuma yake pawe na udongo.

Ng'ambo ya pili, Tanzania, uwindaji wa leseni upo, na sheria inataka .375 au zaidi kwa nyati na tembo. Kwetu Burundi hali ni nyingine: mamba yuko katika daraja la ulinzi mkali zaidi la CITES, mkataba wa biashara ya wanyamapori, na mwananchi hana ruhusa ya kumwinda. Basi kazi ya kumwondoa mnyama aliyezoea kula watu ni ya serikali, kupitia ofisi ya mazingira, OBPE. Ombi langu kwake ni hili: pawepo askari wachache waliofundishwa kweli, kwa Rusizi na kwa Rumonge, wenye .375 na risasi ngumu, na wawe ndio wanaoitwa badala ya kikosi cha Kalashnikov. Na wewe uliye ufukweni, ukimwona mamba, ondoa watoto majini, toa taarifa, wala usimwombe mwenye bunduki ya vita ajaribu bahati yake.