Kiatu chepesi cha marathoni: Gramu chache, maumivu kibao ukikosea

SEKUNDE 0.03. Hilo ndilo pengo lililomtenganisha Mtanzania Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros kwenye marathoni ya Mashindano ya Dunia jijini Tokyo, Septemba 15, 2025. Wote waliandikiwa saa 2:09:48, ikabidi picha ya mstarini iamue, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo.

Kwa shabiki wa soka, hilo ni bao la dakika za lala salama lililothibitishwa na VAR. Ushindi huo ulikuwa mwembamba hata kuliko wa fainali ya mita 100 ya siku moja kabla, ambako Mjamaika Oblique Seville alimpita mwenzake Kishane Thompson kwa sekunde 0.05. Jamaa wamekimbia kilomita 42.195, halafu wamepishana kwa kifua tu.

Mbio zikifika hapo, kila gramu iliyobebwa mguuni ina hesabu yake. Ndiyo maana wakimbiaji wakubwa wanachagua kiatu cha mashindano kama straika anavyochagua daruga za uwanja wenye maji. Shida inaanza pale mkimbiaji wa mtaani, anayemaliza kwa saa nne na nusu, anapotaka kiatu kilekile cha bingwa.

BIKILA HADI ASSEFA

Mwethiopia Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa peku, kwa saa 2:15:16. Miaka minne baadaye, Tokyo, alivaa viatu na akashinda tena kwa saa 2:12:11, akawa mtu wa kwanza kutwaa taji hilo mara mbili.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, kiatu cha mashindano kilikuwa chembamba kama chapati. Soli ilipunguzwa hadi mguu ukawa unahisi kila kokoto la barabarani. Wazo lilikuwa moja tu: uzito upungue.

Mambo yakageuka mwaka 2017 Nike ilipoleta Vaporfly 4%. Kiatu kilikuwa na soli nene, lakini ya sponji nyepesi inayobonyea na kurudi haraka, na ndani yake kuna bamba la kaboni. Hapo ikajulikana kwamba wepesi peke yake hautoshi. Kinachotafutwa ni kiatu chepesi ambacho pia kinarudisha nguvu ambayo mkimbiaji ameisukumia chini.

Septemba 2023, Mwethiopia Tigist Assefa alikimbia Berlin kwa saa 2:11:53 na kuishusha rekodi ya dunia ya wanawake kwa zaidi ya dakika mbili. Mguuni alikuwa na Adidas Adizero Adios Pro Evo 1, kiatu cha gramu 138 kilichouzwa dola 500 za Marekani. Adidas wenyewe walikitengeneza kwa ajili ya mbio moja, pamoja na muda mfupi wa kukizoea. Yaani hela yote hiyo, mechi moja, kwisha habari.

HESABU YA GRAMU

Tafiti za maabara zimeonyesha kwamba kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kiatu kimoja zinaongeza matumizi ya nguvu kwa takriban asilimia moja. Tuseme kiatu cha mazoezi kina gramu 280 na cha mashindano kina gramu 200. Tofauti ni gramu 80, chini ya asilimia moja.

Kwa mtu wa saa nne, asilimia moja nzima ni dakika mbili na sekunde 24. Si haba. Lakini mtu huyohuyo akianza kwa pupa kilomita tano za kwanza, anaweza kupoteza dakika 20 mwishoni akitembea huku ameshika kiuno. Kiatu hakimwokoi mtu aliyetoka nduki mapema, kama ambavyo daruga mpya haimwokoi beki asiye na pumzi.

Kuna jingine. Sponji laini na nene inayumba. Anayetua vizuri kwa kasi kubwa hupata faida yake, lakini aliyechoka, anayeburuta miguu, anaweza kuteguka kifundo kwenye kona au barabara yenye mashimo. Ndama na kano ya kisigino nazo hulalamika zisipozoeshwa.

SHERIA IPO

Shirikisho la Riadha la Dunia liliweka mipaka mwaka 2020: kwenye mbio za barabarani, soli isizidi milimita 40 na bamba gumu liwe moja tu ndani ya kiatu. Mwethiopia Derara Hurisa anaijua sheria hiyo vizuri. Septemba 2021 alikata utepe wa kwanza Vienna kwa saa 2:09:22, kumbe soli yake ilikuwa na sentimita 5. Akaondolewa, ushindi akapewa Mkenya Leonard Langat. Bao limekataliwa wakati mashabiki wameshashangilia.

FUNZO LA KIPCHOGE

Kiatu kizuri kikimvuruga mkimbiaji katikati ya mbio, jina la kampuni halisaidii. Berlin mwaka 2015, Eliud Kipchoge alikuwa kwenye kiatu cha majaribio. Mbio zikiwa bado mbichi, soli za ndani zilichomoka na kuanza kupepea nyuma ya visigino. Hakusimama. Alikimbia hivyo hivyo, mguu ukachubuka hadi damu, na bado akashinda kwa saa 2:04:00. Huyo ni Kipchoge. Mtu wa kawaida angekaa pembeni kilomita ya 15.

Kwa hiyo anayenunua kiatu cha mashindano aanze na soli ya ndani: je, imegandishwa vizuri? Avae na soksi zilezile za siku ya mbio, na ajaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, kwa sababu kwenye joto barabarani itavimba zaidi. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi kama upana wa kidole gumba cha mkono. Wanaokwenda Kilimanjaro Marathon wazingatie hilo zaidi: kupanda kuelekea Mweka kunachosha mapaja, lakini kurudi Moshi kwa mteremko ndiko kunakogonganisha vidole na ncha ya kiatu mpaka kucha zinakuwa nyeusi.

Kisha kiatu kipimwe barabarani. Mazoezi mafupi mawili au matatu, halafu moja refu la kilomita 20 au zaidi kwa kasi ya mashindano. Kikibana, kikichubua au kikiwasha nyayo, kisiende kwenye mbio. Kocha hamwanzishi kwenye fainali mchezaji ambaye hajawahi kufanya mazoezi na timu.

MTUMBA NAO UNA MACHO

Wengi hawana laki kadhaa za kiatu cha kukimbilia siku moja, hivyo wanakwenda Kariakoo au kwenye mitumba ya Karume. Hapo pia pana ufundi. Kiatu kinaweza kuwa kimefuliwa kikang'aa, lakini sponji imeshakufa. Kiwekwe juu ya meza na kitazamwe kwa nyuma: kikilalia upande mmoja, kiachwe. Mikunjo mingi ubavuni mwa soli ni dalili kwamba kimeshabeba kilomita za mtu mwingine. Na kiatu cha kaboni kinachouzwa bei ya kandambili, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni feki.

Mwenye fedha ya pea moja tu anunue kiatu cha mazoezi kinachomkaa vizuri, chepesi kwa kiasi, na akimbie nacho mbio hizohizo. Pea ya pili, ile ya kaboni, inaweza kusubiri mpaka awe anakimbia mara nne kwa wiki na kumaliza marathoni bila kutembea. Hapo ndipo zile gramu 80 zitaanza kuonekana kwenye saa yake.